Soko huria la umeme halina waya wake

Kijiweni hapa Moshi, kahawa ikishamiminwa na mazungumzo ya LUKU yakianza, hakosekani wa kusema: "Wenzetu Marekani kila mtu anajichagulia kampuni ya umeme." Si wote. Chukua Texas. Sheria ya 1999 iliwapa wateja wengi uhuru wa kuchagua muuzaji kuanzia 2002, lakini mashirika yanayomilikiwa na miji yaliachiwa uamuzi. Austin na San Antonio hazikujiunga. Mkazi wa huko ana muuzaji mmoja tu, kama sisi na TANESCO. Mji wa Lubbock ulifungua mlango kwa wauzaji wengine 2024.

Na hata penye ushindani, nguzo na nyaya ni zilezile. Kinachobadilika ni muuzaji na bili. Anayetarajia kuvutiwa waya wa umeme wa upepo peke yake atangoja sana. Sheria hiyohiyo ya Texas iliagiza megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu ifikapo 2009. Umeme huo, mwingi wake wa upepo, uliingia gridi moja na umeme wa gesi, kama maji ya mifereji miwili ya Uchagani yanapokutana: ukifungulia migomba yako, utajuaje tone lipi limetoka mto upi?

Umeme wa bwawa la Nyumba ya Mungu nao huingia gridi ya taifa. Haujui njia ya Moshi.