Meli ya ukarabati si meli inayokarabatiwa

Nimemsikia tena mtu akisimulia shambulio la Wajapani dhidi ya Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii, la tarehe 7 Desemba 1941 na kueleza kwamba Vestal, meli ya ukarabati ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ilikuwa mbovu na imeletwa bandarini kutengenezwa. Meli ya ukarabati ni chombo cha jeshi chenye mafundi, mitambo na vipuri, kinachozifuata manowari huko ziliko ili kuzitengeneza. Vestal ilifungwa ubavuni mwa manowari Arizona tarehe 6 Desemba kwa sababu Arizona ndiyo iliyokuwa na kazi ya kufanyiwa.

Kosa hili linatokana na kiunganishi kidogo, "ya", ambacho katika Kiswahili hubeba mahusiano mengi bila kuyataja: dawa ya mtoto humponya mtoto, ilhali dawa ya mbu humuua mbu, na msikilizaji hujua tofauti kwa sababu vitu vyenyewe anavijua. Meli ya ukarabati wengi wetu hatujaiona, kwa hiyo sikio huchukua maana iliyo karibu, ile ya chombo kinachosubiri fundi. Hali hiyo ilikuwa ya Pegasus, manowari ya Uingereza iliyokuwa bandarini Zanzibar ikitengenezewa mitambo yake tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani ilipoishambulia na kuizamisha. Pegasus ilikuwa meli katika ukarabati, na hakuna aliyewahi kuihesabu miongoni mwa meli za ukarabati.

Mimi hupendelea kusema "meli karakana". Karakana limetoka Kiajemi, ambako "kar" ni kazi na "khana" ni nyumba, na sidhani kuna neno linaloifaa Vestal zaidi ya hilo. Haikuzaliwa hivyo, kwani ilijengwa New York kuwa meli ya kubebea makaa ya mawe ya manowari, ikaanza kazi mwaka 1909, kisha ikageuzwa karakana huko Boston na kurudi baharini mwaka 1913.

Asubuhi ile ya Pearl Harbor mabomu mawili yaliipata, na mlipuko wa Arizona ukamrusha baharini nahodha wa Vestal, Cassin Young, ambaye aliogelea katika maji yaliyotapakaa mafuta, akapanda tena melini, akaikataa amri ya kuihama iliyokwisha kutolewa, na kuiongoza hadi ikapandishwa kwa makusudi kwenye maji madogo ya Aiea, humo humo bandarini, isije ikazama. Baada ya hapo Vestal kweli ilikuwa meli inayokarabatiwa, lakini hata wakati huo mafundi waliokuwa wakiitengeneza walikuwa mabaharia wake wenyewe, kwa kuwa wa bandarini walikuwa wamezidiwa.

Kuanzia Agosti 1942 ilikuwa Tongatabu, katika Pasifiki ya Kusini, ambako kwa siku 60 ilikamilisha kazi 963 za matengenezo kwa meli 58 na vituo vinne vya nchi kavu. Miongoni mwa meli hizo zilikuwamo Saratoga na North Carolina, zote mbili zimepigwa topido, pamoja na South Dakota iliyokuwa imepasuliwa chini na mwamba wa matumbawe. Tatu zote zilikwenda baadaye Pearl Harbor kumaliziwa, na hapa pana tofauti nyingine inayosahauliwa: gudi huitoa meli majini hadi mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli ulio chini kabisa, uonekane, kazi ambayo meli karakana haiwezi. Yenyewe huziba, huunga na kuimarisha, ili chombo kilichojeruhiwa kifike gudini kwa nguvu zake.

Atakayesimulia tena habari za siku ile, na apende kubaki na jina la meli ya ukarabati, namwomba tu aongeze maneno machache: kwamba Vestal ilikuwa pale kuitengeneza Arizona.