Je, wajua kwa nini timu ya kikapu hukubali kumchukua nyota majeruhi?

Tarehe 10 Agosti 2012 timu nne za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilibadilishana wachezaji kwa mkupuo mmoja. Ndani ya dili hilo walikuwamo majitu wawili wenye miili yenye hitilafu. Dwight Howard, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo miezi minne tu kabla, alipelekwa Los Angeles Lakers. Andrew Bynum, ambaye magoti yalikuwa yamemsumbua kwa miaka, alikwenda Philadelphia 76ers. Bynum alikuwa na miaka 24 na ametoka kumaliza msimu kwa wastani wa pointi 18.7 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtu kukosa kufunga) 11.8 kwa mechi. Philadelphia haikumwona akiichezea hata dakika moja. Alilipwa zaidi ya dola milioni 16, msimu ukaisha, mkataba ukaisha, akaondoka.

Miaka sita baadaye, Julai 2018, Toronto Raptors ilimchukua Kawhi Leonard kutoka San Antonio Spurs. Leonard alikuwa amecheza mechi 9 tu kati ya 82 za msimu uliotangulia kwa sababu ya maumivu ya paja la kulia. Kabla mwaka haujatimia, Toronto ikawa bingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Dili zote mbili zina mtu mmoja ndani yake: Masai Ujiri, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Zaria, Nigeria, ambaye mama yake ni Mkenya. Mwaka 2018 ndiye aliyekuwa rais wa Raptors. Mwaka 2012 alikuwa meneja mkuu wa Denver Nuggets, na wakati wenzake wakigombea wale majitu wagonjwa, yeye aliondoka mezani na Andre Iguodala, mtu mwenye afya kamili. Denver ikashinda mechi 57 msimu huo, naye akapewa tuzo ya kiongozi bora wa mwaka. Kwa hiyo huyu si mtu mwenye mazoea ya kukimbilia wagonjwa. Ilikuwaje basi akamchukua Leonard?

Kwanza tuelewane biashara yenyewe inavyokwenda, maana sisi tuliozoea soka tunafikiria ada ya uhamisho. Kwenye NBA fedha taslimu hazinunui mchezaji wa maana. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, na juu yake huongezwa haki za kuchagua vijana kwenye drafti za miaka ijayo, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu. Timu ambayo imeshavuka ukomo wa mishahara lazima mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane. Mchezaji mwenyewe kwa kawaida hana kura; anapigiwa simu na kuambiwa afungashe. Mikataba nayo karibu yote ina dhamana: ukishamchukua, mshahara wake ni wako hata akishinda kitandani mwaka mzima. Bima inaweza kurudisha sehemu ya fedha, lakini kiasi cha mshahara wake kinabaki kwenye hesabu ya ukomo na kwa kawaida huwezi kukitumia chote kumsajili mwingine. Hapo ndipo nyota majeruhi anapoumiza zaidi. Matajiri wenye timu hizi fedha wanazo, wanachokosa ni nafasi.

Sasa, nyota wa daraja la juu kabisa akiwa mzima na mwenye furaha hauzwi. Ligi nzima ina timu 30, na wachezaji wanaoweza kuibeba timu hadi ubingwa ni wachache mno. Miji kama Los Angeles na Miami huwapata kwa sababu nyota wenyewe hutaka kwenda huko mikataba yao ikiisha. Toronto, timu pekee ya NBA iliyo nje ya Marekani, yenye majira ya baridi kali, ilikuwa haijawahi kupata bahati hiyo. Kwa timu ya namna hiyo, jeraha la mtu ni mlango uliobaki wazi kidogo. Leonard alikuwa mchezaji bora wa fainali za 2014 na beki bora wa ligi 2015 na 2016. Asingeumia, na asingekosana na Spurs juu ya matibabu yake, Toronto isingepata hata nafasi ya kuuliza bei.

Ila majeraha hayafanani, na hapa mashabiki wengi hukosea kwa kuyatia yote kapu moja. Mfupa uliovunjika huunga vizuri. Kano ya kisigino ikikatika, mchezaji hukaa nje karibu mwaka mzima, na akirudi swali ni kama bado anaruka na kuchomoka vilevile. Gegedu la goti ni habari nyingine kabisa: halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halijirudishi. Bynum alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.1 na uzito wa kutisha, na magoti ndiyo yaliyobeba mzigo huo wote kila aliporuka. Kabla msimu haujaanza alishakwenda Ujerumani kutibiwa. Novemba zikaja taarifa kwamba goti lingine limezidi kuharibika alipokuwa akicheza bolingi. Bolingi! Machi 2013 akafanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili. Nasema bila kupepesa: goti linaloharibika kwa kuvingirisha mpira sakafuni lilikuwa limekwisha kabla ya dili kusainiwa.

Tatizo la Leonard lilikuwa kwenye kano za misuli ya mbele ya paja. Kano iliyochoka kwa kutumika kupita kiasi huuma, tena huuma kwa muda mrefu, lakini haijakatika. Hutibiwa kwa kupimiwa mzigo: unaupandisha polepole, unapumzika, unaupandisha tena. Madaktari wa Spurs walimruhusu arudi uwanjani, madaktari wake binafsi wakaona tofauti, na uhusiano ukavunjika hapohapo. Toronto ilichokifanya ni kumsikiliza mgonjwa. Msimu mzima hawakumchezesha mechi mbili za siku mbili mfululizo. Alicheza 60 kati ya 82. Kuna waliopiga kelele kwamba mtu anayelipwa dola milioni 23 anakaa pembeni na nguo za nyumbani, lakini angalia: mechi 22 alizokosa, Raptors ilishinda 17. Timu ilikuwa na Kyle Lowry, Pascal Siakam wa Kameruni, Serge Ibaka aliyetoka Brazzaville, Fred VanVleet, na baadaye Marc Gasol. Ilikuwa na uwezo wa kumsubiri.

Faida ya subira hiyo ilionekana tarehe 12 Mei 2019, mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya mtoano dhidi ya Philadelphia, matokeo 90 kwa 90, sekunde chache zimebaki. Leonard alikuwa amesharusha mpira mara 38 usiku ule. Akakimbia kuelekea pembeni huku Joel Embiid, jitu la zaidi ya mita 2.1, akimfukuza kwa mikono juu, akaruka kwa mguu uliomweka nje karibu mwaka mzima na mwenziwe, akaurusha mpira juu sana ili upite vidole vya Embiid. Kengele ikalia mpira ukiwa hewani. Uligonga ukingo wa pete mara nne kabla ya kuingia, naye amechuchumaa kwenye kona akiutazama. Pointi 41. Mechi 24 za mtoano alizocheza mwaka ule alifunga wastani wa pointi zaidi ya 30, akachukua tena tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Ukiniuliza mimi, hata hivyo, paja la Leonard si sababu kubwa ya dili lile kuwa zuri. Tazama kilichotolewa. Toronto ilimpa Spurs DeMar DeRozan, kijana Jakob Poeltl na chaguo moja la drafti lenye ulinzi, yaani lisilotolewa mwaka huo likiangukia nafasi za juu. DeRozan alikuwa kipenzi cha mji, ameichezea timu hiyo moja tangu 2009, na kuondoka kwake kuliwaliza watu kweli. Lakini timu aliyoiongoza ilikuwa imetolewa na Cleveland ya LeBron James miaka mitatu mfululizo, miwili ya mwisho bila kuambulia hata mechi moja. Kocha Dwane Casey alishafukuzwa. LeBron mwenyewe alikuwa amehamia Lakers majuma machache kabla, na njia ya kanda ya Mashariki, moja ya kanda mbili za ligi, ilikuwa wazi. Siakam, VanVleet na OG Anunoby, yaani kesho ya timu, hawakuguswa. Tena mkataba wa Leonard ulimruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja. Wengi waliona huo ni udhaifu wa dili. Mimi naona ulikuwa mlango wa kutokea: paja lingegoma, Toronto ingeanza kujenga upya kwa vijana wake bila deni la miaka mitano shingoni. Leonard kweli aliondoka Julai 2019, kwenda Los Angeles Clippers, na hakuna aliyeona Toronto imeibiwa.

Philadelphia ilifanya kinyume. Ilimtoa Iguodala, ikamtoa Nikola Vučević ambaye alikuja kuwa nyota Orlando, ikamtoa Moe Harkless, ikaongeza na chaguo la drafti. Timu nzima ilisimamishwa juu ya magoti mawili. Yalipoanguka, ilianguka nayo: ushindi wa mechi 34, kocha akajiuzulu, kisha ikaingia miaka ya kupoteza kwa makusudi ili kuokota vijana kwenye drafti. Msimu wa 2015-16 ilishinda mechi 10 tu.

Mtu atauliza, vipimo vya afya ni vya nini basi? Vipo, na vina nguvu: dili haikamiliki mpaka wachezaji wapimwe, na timu ikikuta kasoro inaweza kulivunja. Februari 2025 Lakers walifuta dili la kumchukua Mark Williams wa Charlotte baada ya vipimo. Mwaka 2017 Cleveland ilimpokea Isaiah Thomas kutoka Boston katika dili lililompeleka Kyrie Irving upande wa pili. Nyonga ya Thomas ikawatia shaka, wakasita, na Boston ikalazimika kuongeza chaguo la raundi ya pili ili mambo yaishe. Ukitafakari, chaguo la raundi ya pili kwa nyonga iliyoharibika ni fidia ya karanga. Thomas, aliyekuwa na wastani wa pointi 28.9 msimu uliotangulia, aliichezea Cleveland mechi 15 kisha akatumwa kwingine. Kipimo kinaonyesha hali ya nyama na mfupa leo. Anayemjua mchezaji kwa undani, anavyolala, anavyofanya mazoezi ya tiba, anavyoficha maumivu, ni timu inayomuuza, na nayo haina sababu ya kukusimulia yote. Ndiyo maana kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni rahisi hata ukiwa na mashine za mamilioni.

Na kuna mgonjwa ambaye kila mtu anaona kidonda chake. Februari 2025 Dallas Mavericks ilimtoa Luka Dončić, miaka 25, aliyekuwa nje kwa jeraha la kigimbi, ikampokea Anthony Davis wa Lakers, miaka 31, aliyekuwa nje kwa jeraha la misuli ya tumbo. Davis alianza kuichezea Dallas tarehe 8 Februari: pointi 26, ribaundi 16, ukumbi umelipuka. Robo ya tatu akashika kinena, akatoka, akakaa nje zaidi ya mwezi. Meneja mkuu Nico Harrison alifutwa kazi Novemba mwaka huohuo. Lakini hata Davis angecheza kila mechi, Dallas ilikuwa imetoa kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali miezi minane kabla. Bei ilishakuwa mbaya kabla ya kinena kuvutika.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa Clippers. Walipompata Leonard mwaka 2019, walitaka pia Paul George wa Oklahoma City, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mabega yote mawili. Magazeti yalijaa mjadala wa mabega. George alikosa mechi 11 za mwanzo, akarudi, akacheza vizuri, na mwaka 2021 akaifikisha Clippers fainali ya kanda kwa mara ya kwanza, wakati Leonard mwenyewe akiwa nje kwa goti. Baada ya hizo mechi 11 mabega hayakuwa tatizo kubwa tena. Ila kumpata, Clippers walitoa machaguo matano ya raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana machaguo, Danilo Gallinari, na kijana wa miaka 20 aitwaye Shai Gilgeous-Alexander. Mwaka 2025 kijana huyo alikuwa mchezaji bora wa ligi na Oklahoma City bingwa wa NBA, na pembeni yake fainalini alikuwapo Jalen Williams, aliyepatikana kwa mojawapo ya machaguo ya Clippers.