Wi-Fi ya chuo: maneno ya vimbwetani na ukweli wa hewani

Tabora ni mji wa vyuo. Kuna Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Ualimu, AMUCTA, na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Uhazili. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulishafika mkoani, faiba ipo, yaani waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga. Hata hivyo, kaa kwenye kimbweta chochote jioni utasikia wimbo ule ule: netiweki inazunguka tu. Mimi ni fundi wa mitandao, na kinachonishangaza si malalamiko bali jinsi mwanafunzi, mhadhiri na mhasibu wanavyokubaliana kuhusu chanzo cha tatizo, na jinsi wote watatu wanavyokosea. Wanamlaumu mtu wa TEHAMA au wanalaumu kifaa. Tatizo mara nyingi liko hewani, au kwenye waya uliofichwa juu ya dari ambao hakuna aliyeugusa tangu jengo lifunguliwe.

“Ongezeni nguvu, mbona bwenini haifiki?”

Hii ndiyo dhana mama, nyingine zinazaliwa humo. Watu wanaichukulia Wi-Fi kama redio: kituo kikiongeza nguvu, wa mbali atasikia. Lakini redio haisubiri jibu lako. Wi-Fi inasubiri, kwa kila kipande cha data inachotuma.

Aksesi pointi, yaani kile kifaa cha ukutani au darini kinachorusha Wi-Fi, ikiwa ya kawaida ya ndani hutoa nguvu ya miliwati 100 hivi. Simu, kwa udogo wa antena yake na kwa kutunza betri, hutoa pungufu ya hapo. Vile vijiti kwenye skrini vinaonyesha jinsi simu inavyoisikia aksesi pointi. Havisemi lolote kuhusu jinsi aksesi pointi inavyoisikia simu. Kwa hiyo ukipandisha nguvu upande mmoja, mwanafunzi wa bweni la mbali ataona vijiti vitatu, ataunganishwa, ataambiwa yuko hewani, na hakuna ukurasa utakaofunguka kwa sababu ombi lake linafia njiani. Hapo ndipo anapoandika kwenye grupu la darasa kwamba chuo hakijalipia intaneti.

Hesabu nayo haisaidii. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Maana yake, kufika mara mbili ya umbali wa sasa unahitaji nguvu mara nne, na hapo hujakutana na ukuta. Majengo yetu ya zamani yana kuta nene za matofali ya kuchoma. Kati ya masafa mawili ambayo Wi-Fi hutumia zaidi, yale ya gigahezi 5 yanachoka upesi zaidi kwenye kuta hizo kuliko ya gigahezi 2.4. Bati la paa linarudisha mawimbi yalikotoka. Na miembe, ambayo ndiyo sura ya mji huu, ina majani yaliyojaa maji, na maji hunyonya mawimbi haya. Nimeona kiungo cha hewani kati ya majengo mawili kilichofungwa vizuri, antena zikitazamana, kikidhoofika mwaka hadi mwaka bila mtu kukigusa. Mwembe wa katikati ulikuwa unakua.

Dawa ni kinyume cha dhana: aksesi pointi nyingi zaidi zenye nguvu ndogo, zikiwa karibu na watu, ndani ya bweni lenyewe. Lakini msikimbilie dukani bado.

“Basi fungeni nyingi, kila chumba yake”

Chaneli moja ya Wi-Fi ni mkutano wa kijiji wenye mwenyekiti mkali: anasema mmoja, wengine wote wananyamaza, hata wa kitongoji cha pili kama sauti inawafikia. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zimepewa namba 1 hadi 13, na fundi asiye na subira hudhani ana mikutano kumi na mitatu. Hana. Chaneli hizo zimepishana kwa megahezi 5 tu, wakati mazungumzo yanahitaji upana wa takribani megahezi 20. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Ukifunga aksesi pointi kumi na mbili kwenye bweni la ghorofa mbili na zote zikapiga kelele kwenye gigahezi 2.4, umenunua vifaa kumi na viwili ili vigombee nafasi tatu. Ongeza hotspoti za simu za wanafunzi wenyewe, nazo zimo humo humo.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami nalitilia mkazo kuliko mengine: kinachogawanywa hewani ni muda. Simu iliyo karibu inamaliza kutuma faili lake haraka na kumpisha mwingine. Simu iliyo pembezoni, inayosikika kwa shida, hushuka hadi megabiti 1 kwa sekunde, na kwa faili lile lile hushikilia hewa muda mrefu mara nyingi zaidi. Mtu mmoja anayeangalia video akiwa nyuma ya jiko la chuo anaweza kuwachelewesha ishirini waliokaa chini ya kifaa.

Kwa hiyo mtandao wa kampasi hurekebishwa kwanza kwa kupunguza. Zima viwango vya kasi vya kale, yaani megabiti 1, 2, 5.5 na 11 kwa sekunde, ambavyo vilitoka na Wi-Fi ya mwaka 1999 na kurudi nyuma. Punguza nguvu. Kwenye baadhi ya aksesi pointi zima kabisa gigahezi 2.4 na ubakize 5, ambako chaneli zisizogusana ni nyingi zaidi. Na huko kwenye 5, usiziache chaneli za upana wa megahezi 80 kwa sababu tu kifaa kilitoka kiwandani hivyo. Bwenini megahezi 20 au 40 zinatosha na zinawaachia majirani nafasi. Kazi yote hii haigharimu hata shilingi, na nadhani ndiyo maana haipendwi. Haina risiti.

Repita, zile za kuchomeka ukutani ambazo wanafunzi hununua madukani, ziko kwenye kundi hili. Nyingi hupokea na kurudia maneno yale yale kwenye chaneli ile ile, hivyo kasi hupungua karibu nusu na hewa inajaa mara mbili.

“Kila jengo lipewe jina lake la Wi-Fi, tujue”

Utaikuta: Utawala, Maktaba, Bweni A, Bweni B, Walimu, Wageni. Inaonekana ni utaratibu mzuri. Lakini kila jina hutangazwa na kila aksesi pointi inayolibeba karibu mara kumi kwa sekunde, kwa kasi ya chini kuliko zote, iwe kuna mtu ameunganishwa au hayupo. Majina sita yakitangazwa na kila kifaa, sehemu ya hewa imeliwa na salamu tu.

Pia simu haiwezi kuhama kimyakimya kutoka jina moja kwenda jingine. Jina likiwa moja kampasi nzima, simu yenyewe ndiyo inayoamua lini iachie aksesi pointi ya maktaba na kushika ya bweni. Wengi hudhani uamuzi huo ni wa mtandao. Mtandao unaweza kushauri, simu ndiyo inayokata.

Halafu kuna suala la anwani za IP, zile namba ambazo kila kifaa hupewa kinapoingia mtandaoni. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254 za kugawa. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujificha kwa kutumia utambulisho tofauti kwa kila jina la Wi-Fi. Mwanafunzi mmoja aliyepita majina manne anaweza kuhesabiwa kama vifaa vinne, na kila kimoja kikashikilia anwani kwa saa ishirini na nne ikiwa fundi ameacha muda huo. Kufika saa sita mchana anwani zimekwisha. Wanaokuja wanaona simu inatafuta anwani ya IP bila kuipata, na wanaanza kuwasha na kuzima hali ya ndege. Tiba: mtandao wa anwani uwe mpana zaidi, na muda wa kuazima ushushwe hadi saa moja au mbili. Dakika kumi za kazi.

“Tununue Wi-Fi 7 tumalize mjadala”

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Namba hizi ni vizazi. Wi-Fi 4 ni kiwango cha mwaka 2009, Wi-Fi 5 cha 2013, Wi-Fi 6 kilipitishwa 2021, na vifaa vya Wi-Fi 7 vilianza kupewa vyeti Januari 2024. Kila kizazi ni bora kuliko kilichotangulia, sibishi. Lakini aksesi pointi mpya huzungumza na simu ya zamani kwa lugha ya simu hiyo. Ule ujanja mkubwa wa Wi-Fi 6, wa kugawa chaneli moja vipande vidogo ili simu kadhaa zihudumiwe kwa pamoja, hufanya kazi kwa simu zenye Wi-Fi 6. Kabla ya kuandika zabuni, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa wiki hii uone wanafunzi wameshika nini. Kama wengi wako kwenye Wi-Fi 4 na 5, Wi-Fi 7 itakuwa pambo la dari.

Fuata waya sasa. Aksesi pointi yenye uwezo wa gigabiti ikichomekwa kwenye swichi (kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa waya) ya zamani ya megabiti 100, utapata megabiti 100. Hata swichi ikiwa ya gigabiti, kasi hiyo inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Jozi mbili tu zikibaki nzima, mara nyingi itashuka hadi 100 bila kumwambia mtu. Panya hukata jozi. Fundi mwenye haraka hukosea kubana kichwa cha kebo. Na sokoni kuna kebo za bei rahisi zenye alumini iliyopakwa shaba. Zinafanya kazi siku ya makabidhiano, kisha zinasumbua. Kebo ya shaba ya mtandao ina kikomo cha mita 100, lakini nimekuta zilizovutwa kutoka jengo la utawala hadi bwenini kwa urefu unaozidi hapo, juu kwa juu, zikipita kwenye miti.

Huko nje kuna hatari nyingine. Radi za Novemba na Desemba hapa Tabora hazina mzaha. Haihitajiki ipige jengo; ikianguka jirani, kebo ndefu ya shaba huokota umeme wa kutosha kuua swichi pande zote mbili. Kati ya jengo na jengo weka faiba, kioo hakipitishi umeme. Angalia tu kwamba ile waya ya chuma inayobeba faiba isiingizwe ndani ya kabati la vifaa, maana mafundi wengine huifunga humo humo na kuirudisha hatari waliyoifukuza.

Mwisho wa waya kuna bomba lenyewe la intaneti. Tuseme chuo kimelipia megabiti 100 kwa sekunde na watu 400 wako hewani saa mbili usiku, wote wakitumia kwa pamoja. Kila mmoja ana robo megabiti. Video ya ubora wa kati inataka megabiti 1 au zaidi. Hakuna aksesi pointi duniani itakayobadilisha mgawanyo huo.

Ningepewa fungu dogo la kuboresha mtandao, ningeanza na faiba kati ya majengo, kisha swichi za gigabiti zinazopeleka umeme kwenye kebo ile ile, kisha kebo za ndani, halafu ndiyo aksesi pointi. Wakuu wa vyuo hawaipendi orodha hii kwa sababu vitu vitatu vya kwanza havionekani siku ya ufunguzi.

Hizo swichi zinafuta dhana nyingine njiani: kwamba umeme ukikatika Wi-Fi lazima ife. Kiwango cha kwanza cha kupeleka umeme kwenye kebo, cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwa kila tundu. Aksesi pointi kumi hazifiki wati 160. UPS moja nzuri kabatini, yaani betri ya akiba, inazibeba zote, mradi faiba ya mtoa huduma na ruta yake nazo ziko kwenye UPS hiyo. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

“Watu wa IT wanatubania”

Wanabana, ndiyo, na waendelee. Bila kikomo kwa kila mtumiaji, laptopu tatu zinazopakua masasisho ya Windows zinameza bomba zima wakati mwenzao anajaribu kuwasilisha kazi dakika za mwisho. Kosa ni kubana bila kusema. Kikomo kiandikwe ubaoni, na kilegezwe usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

“Paswadi ikibadilishwa kila mwezi tuko salama”

Paswadi moja ya watu elfu moja ni tangazo. Inafika mtaani kabla mkutubi hajaibandika ukutani. Kinachofaa ni kila mtu kuingia kwa jina na nywila yake, ili aliyehitimu aondolewe bila kuwasumbua wengine. Utaratibu huo ukishakuwepo, chuo kinaweza kujiunga na eduroam, mfumo ulioanza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao humwezesha mwanachuo kuingia kwenye Wi-Fi ya chuo kingine kilichojiunga, nchini au ng'ambo, kwa nywila ya kwao. Pa kuanzia kuuliza ni TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania.

Kuhusu mionzi inayodaiwa kudhuru waliolala chini ya aksesi pointi: mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei, na simu iliyo chini ya mto wako iko karibu nawe kuliko kifaa cha darini.

“Mshauri alishakuja kupima, alisema iko vizuri”

Muulize alikuja lini. Wengi hupima Jumamosi asubuhi, bwenini kuna watu sita, milango iko wazi. Miili ya watu nayo ina maji, inanyonya mawimbi kama yale majani ya mwembe. Pima siku ya wiki, kati ya saa mbili na saa nne usiku, milango imefungwa na kila kitanda kina mtu. Andika mambo matatu kwa kila chumba: nguvu ya mawimbi, chaneli zinazosikika, na asilimia ya muda ambao hewa imeshikiliwa. Mawili ya kwanza utayapata kwa apu ya bure kwenye simu ya Android. La tatu limo ndani ya aksesi pointi yenyewe, kwenye ukurasa ambao pengine haujawahi kufunguliwa. Ikiwa hewa imeshikiliwa zaidi ya nusu ya muda na bomba la intaneti halijajaa, kunja mikono ya shati uanze kupunguza. Ikiwa hewa ni tulivu na bomba limejaa, peleka karatasi hiyo kwa mhasibu.