Matandazo na kutindua ardhi: maana yake kwa mahindi ya nchi kame

Matandazo ni masalia makavu ya mimea yanayofunika ardhi ya shamba: mabua ya mahindi au mtama, nyasi, maganda ya karanga. Neno limetoka kwenye kutandaza, na linajieleza. Yanakaa juu, hayafukiwi.

Chukua Dodoma. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hufika kama milimita 500 hadi 600. Zinakuja kwa kishindo siku chache, kisha jua linashika wiki mbili tatu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inamwaga lita 80,000 hivi kwenye ekari moja. Cha kujiuliza ni ngapi kati ya hizo zimeingia ardhini, na ngapi bado zipo siku mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu. Jua likiyakuta hapo udongo umekauka, unavuna magunzi yenye punje za kuhesabu.

Maji kuingia kunategemea unavyolima. Shamba linalolimwa kwa jembe la mkono au plau kwa kina kilekile, miaka nenda miaka rudi, hujenga tabaka gumu chini, mara nyingi kwenye sentimita 15 hadi 20. Ng'oa shina la mahindi utazame mizizi: ikiwa imeshuka kidogo kisha ikapinda pembeni kama herufi L, imegonga tabaka hilo. Dawa yake ni kutindua, yaani kupitisha ripa, chuma chembamba cha kupasua udongo kinachokokotwa na ng'ombe au trekta, kwenye mistari ya kupandia peke yake, kina cha sentimita 25 hivi. Udongo haupinduliwi, unapasuliwa. Kazi hii ni ya kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Ikiwa mbichi haipasuki, inachanika kidogo tu pale chuma kilipopita.

Maji kubaki ni kazi ya matandazo. Tena yanasaidia hata kuingia. Tone la mvua likipiga ardhi tupu husaga udongo ukawa unga unaoziba vitundu, na ukikauka unakuwa gamba. Libandue gamba hilo siku chache baada ya kupanda, unaweza kukuta mche umejikunja chini yake, umepauka, unatafuta pa kutokea. Kwenye mabua tone hufika chini limeshaishiwa nguvu. Siku kumi baada ya mvua inua mabua utie kidole: udongo una ubaridi na unashikana. Sogea hatua moja kwenye ardhi tupu, kidole hakiingii.

Ndiyo maana ubishi wa "tulime au tusilime" naona unapita kando ya jambo lenyewe. Wakulima wa Dodoma wana kuberega, kufyeka na kuchoma masalia kisha kupanda bila kulima. Wengine wakisikia kilimo hifadhi, yaani kulima bila kupindua udongo na kuuacha umefunikwa na masalia, kinakataza kupindua udongo, wanadhani ni kuberega kwa jina jipya. Sivyo. Moto umeshaondoa kile ambacho kingeifunika ardhi, na kutolima juu ya ardhi tupu na ngumu kunayaacha maji yatiririke kwenda korongoni.

Kiasi kinachotajwa kwenye kilimo hifadhi ni angalau asilimia 30 ya ardhi kufunikwa wakati wa kupanda. Kupima ni rahisi: funga mafundo 100 kwenye kamba, uinyooshe shambani mshazari, uhesabu mafundo yaliyoangukia mabua.

Ukiyafukia mabua makavu, wadudu wadogo wanaoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mahindi machanga yanageuka manjano. Yakiwa juu huoza taratibu na madhara hupungua, ingawa samadi kwenye mistari bado inahitajika. Na mabua ya shamba lililoshambuliwa na bungua, mdudu anayetoboa mabua, usiyarudishe. Tafuta nyasi zisizo na mbegu.

Kigumu kuliko vyote ni mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe huingia mashambani kula mabua, na kwa mfugaji wakati wa kiangazi hayo ndiyo malisho. Huwezi kumlaumu. Wanaofanikiwa huelewana naye mapema, kabla ya kuvuna: sehemu ya juu ya bua na majani ni ya ng'ombe, shina gumu la chini linakatwa na kulazwa shambani.