"Sukari yako ngapi?" Mambo tunayokosea kuhusu kipimo

Mtu akipima sukari ya damu akasema ni 8 basi watu wanashika vichwa, mara pole, mara chemsha mwarobaini. Jamani, 8 ya saa ngapi?

Eti ukikuta 8 tayari una kisukari. Hapana. Kama ulikula wali maharage saa moja iliyopita, 8 hata mtu mzima wa afya anaipata, cha muhimu yakipita masaa mawili iwe imeshuka chini ya 7.8. Ila hiyo hiyo 8 ukiikuta asubuhi, tumbo tupu tangu jana usiku, hapo si pa kupuuzia kwa sababu kuanzia 7.0 ndo kiwango cha kisukari, na kama huna dalili daktari anarudia kipimo siku nyingine kabla hajasema una kisukari. Asubuhi kawaida ni kati ya 4 na 5.5 hivi, Shirika la Afya Duniani wao wanaanza kushtuka kwenye 6.1, Wamarekani 5.6.

Halafu kuna wanaosoma 110 kwenye mashine wanataka kuandika wosia. Hiyo ni mg/dL, gawanya kwa 18 unapata kama 6.1 ya mmol/L, ndo hizi namba ndogo za hapo juu, yaani sukari ni ile ile ila inahesabiwa kivingine.

Na mikono! Mama mdogo wangu alipima akakuta 14, nyumba nzima kimya, kumbe alikuwa ametoka kumenya embe. Akanawa kwa sabuni, akakausha, akapima tena, 6 na kitu. Kufuta kwa spiriti tu hakutoshi kama kidole kina maji ya tunda.

"Mimi chai nakunywa bila sukari." Sawa, na ule mlima wa ugali? Ugali, chapati, viazi, vyote ni wanga na vinaishia kuwa glukosi kwenye damu, dona lina nafuu kuliko sembe lakini siyo ruhusa ya kujaza sahani. Asali nayo inapandisha, hata kama ni ya Tabora.

Kingine, watu wanadhani ikishuka ndo vizuri zaidi. Chini ya 3.9 ni hatari, hasa kwa anayechoma insulini, anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Mwisho wale wa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki ili wasifokewe, kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari, kinaangalia miezi miwili mitatu nyuma, 6.5% kwenda juu ni kisukari, kwa hiyo soda za harusi ya mwezi jana zimo. Ila ukiwa na selimundu au upungufu wa damu mwambie daktari mapema, maana hicho kipimo kinaweza kudanganya.