Sakafu Kwanza, Spana Baadaye: Gereji ya Pamoja Hapa Tanga

Ukipanga chumba Ngamiani unapata na zamu ya kufagia uani, na foleni ya bafu, na kamba ya kuanikia nguo. Mahali pa kufungulia injini hupati. Nimekuwa fundi wa magari hapa Tanga kwa miaka ishirini na mitatu, na muda wote huo nimekutana na watu wanaopenda magari yao kwa moyo wote, wengine wanaijua kabureta yao kuliko ninavyoijua mimi, lakini kazi wanaifanyia kando ya barabara, juu ya mchanga, jicho moja kwenye nati na jingine kwenye mawingu.

Kwa ajili ya watu hao, miaka sita iliyopita tulikodi godauni la zamani upande wa Gofu liwe gereji ya pamoja, kila mtu ajitengenezee gari lake. Tulianza watano, leo tu kumi na wawili. Yupo mwalimu wa sekondari mwenye Land Rover ya mwaka 1974, yupo dada anayefanya kazi benki mwenye Peugeot 504 aliyoachiwa na baba yake, wapo vijana wawili walionunua pikapu moja ya Datsun kwa kuchangiana. Mimi ndiye fundi wao, na nina funguo. Karibu kila wiki mtu ananisimamisha kuniuliza wao wafanyeje huko kwao, Muheza, Korogwe au Bagamoyo. Naandika hapa ili nimjibu kila mmoja mara moja.

Wengi wakija huanza kuniuliza habari za vifaa: tununue kompresa gani, boksi spana la vipande vingapi. Mimi nawauliza, sakafu yenu ikoje?

Huyo mwalimu niliyemtaja, kabla hatujapata godauni, alikuwa akilifanyia gari lake kazi nje ya nyumba aliyopanga Makorora. Siku moja nilipita nikaona miguu yake tu imetokeza chini ya Land Rover. Alikuwa ameinua nyuma kwa jeki ya chupa, tairi ameshatoa. Kitako cha jeki kilikuwa kimeshadidimia mchangani kama mwiko kwenye ugali, na jeki yenyewe imeanza kuegama. Alinisikia sauti, akasema kutoka huko chini, “Shikamoo, fundi.” Nikamwambia, “Toka kwanza huko, ndipo uniamkie.” Akatoka akijifuta mikono, akanipa salamu kwa adabu zake zote. Sikuwahi kuitikia marahaba, jeki ikalala na gari likaketi kwa kishindo juu ya tairi alilokuwa ameliacha limelala chini. Tulikaa kibarazani kwa mama mwenye nyumba muda mrefu bila kusema neno.

Jeki kazi yake ni kuinua. Kazi ya kushika gari likiwa juu ni ya stendi, yaani vile vyuma vya miguu vya kuegemezea gari, na stendi nayo inataka kitu kigumu kisichodidimia. Miguu ya stendi ni myembamba, uzito wote unashukia hapo. Kwenye mchanga wetu wa pwani, hata ukiweka stendi ya tani tatu, umeweka msumari. Kwa hiyo pesa yetu ya kwanza, yote, iliingia kwenye zege. Tulimwaga la unene wa sentimita 15, tukalipima kwa pima maji hadi likawa sawa, na kwa mwezi mzima hatukuingiza gari. Wenzangu walinung’unika sana mwezi ule. Nami nasema tena: mwenye pesa kidogo amwage zege dogo lakini zuri, la gari moja, kuliko kununua vifaa vingi vya kuweka juu ya udongo.

Lifti ya umeme hatuna. Si kwamba hatuipendi, ila lifti ya nguzo mbili inaning’iniza gari zima kwenye bolti zilizozama katika zege, na godauni la kukodi si mahali pa kuzamisha bolti za namna hiyo. Tulichimba shimo. Shimo letu lina upana wa sentimita 85, kwa sababu matairi ya Land Rover za zamani yameachana mita 1.31 tu kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, na ukipanua zaidi unajikuta ukingoni. Linafunikwa kwa mbao nene wakati wote lisipotumika.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unashuka, na ukikuta shimo unatulia humo kama maji kwenye mtungi. Utasimama juu usisikie harufu yoyote, kumbe chini umejaa. Taa ya waya iliyochubuka au cheche ya spana kwenye betri inatosha kuuwasha. Ndiyo maana kwetu tangi la petroli halifunguliwi ndani ya godauni hata siku moja. Gari linasukumwa nje kwenye upepo, na mtungi wa kuzimia moto unakaa hatua mbili kutoka hapo. Mtu aliyefanya kinyume mara moja tulimrudishia mchango wake wa mwezi tukaagana naye kwa wema.

Sasa jambo ambalo halikunijia akilini kabisa nilipoanza: gari linalosubiri.

Ujerumani zipo karakana ambamo mtu hukodi lifti kwa saa, anapewa na vifaa, na fundi yupo karibu wa kumwelekeza. Marekani nako kambi nyingi za jeshi zina karakana ambamo askari wanajitengenezea magari yao wenyewe. Nilipenda wazo la kulipia kwa saa, nikalileta hapa kama lilivyo. Miezi miwili halikufika. Mtu wa kule akifungua breki akakuta silinda imekufa, huenda akapata nyingine siku hiyohiyo. Kwetu anapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, anatuma pesa, anatumiwa picha, kumbe siyo, anatumiwa nyingine, kisha spea inapandishwa basi na yeye anaenda kuipokea stendi ya Kange. Hapo zimepita siku tatu mambo yakienda vizuri. Saa zinahesabika, mtu hafanyi kitu, na mwenzake aliyekuwa amepanga kumwaga oili Jumamosi hana pa kuingia.

Kilele chake kilikuwa pale mwanachama mmoja alipotoa difu ya nyuma nzima, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi, gari likabaki juu ya stendi katikati ya sakafu, beringi ikachukua wiki tatu kufika. Wiki tatu watu kumi walikuja, wakatazama, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyemgombeza, lakini vikao vilianza kuwa vya watu wanne.

Tukabadilisha. Sasa tunalipia sakafu kwa siku, na tumegawa sehemu mbili: zege la kazi, na ukingoni karibu na ukuta, pa kusubiria, ambapo bei ni ndogo sana. Sharti ni moja, kwamba gari lolote lazima liweze kusogea kabla mwenyewe hajaenda kulala. Kama umetoa difu, tuna kigari tulichounga wenyewe kwa engo na magurudumu manne ya toroli. Unakiingiza chini ya chasisi, unashusha, watu wawili wanasukuma. Kile kigari ni vyuma vya skrepa vitupu, na nakithamini kuliko kompresa.

Lakini kusogeza gari nako kuna elimu yake. Mfano ni 504 ya dada wa benki. Injini ile ina silivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo hazikubanwa ndani ya bloku. Zimesimama kwa kukandamizwa na silinda hedi kutoka juu, na maji ya kupozea yanazizunguka moja kwa moja. Ukitoa hedi, hakuna tena kinachozishika isipokuwa vyuma vya kubania utakavyofunga wewe mwenyewe. Sasa injini imefunguliwa, gasketi haijafika, gari linasukumwa ukutani, na aliyelisukuma hakujua kwamba gia imeingia. Matairi yanazungusha krenki, ule mhimili unaosukuma pistoni, pistoni inapanda na kukokota silivu kidogo tu, upana wa ukucha, na muhuri wa chini umeshaachia. Gasketi mpya itafungwa, gari litawaka, na baada ya wiki oili, ikishaingiwa na maji, itakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dada alipofungua hedi mwezi uliopita, kabla ya kufanya lingine lolote alifunga silivu zote nne kwa bolti na washa pana, kisha akachukua boksi la karatasi, akakata kipande, akaandika kwa maka nyekundu: GIA IWE HURU. USIZUNGUSHE KRENKI. Akakitundika kwenye usukani. Mimi sikumwelekeza. Alikuwa ameshanitazama nikifanya kwa gari la mtu mwingine.

Vifaa nitavipitia haraka. Land Rover za wakati ule zina nati nyingi za inchi, Peugeot na Datsun ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia, inacheza, na nati inaliwa. Tumezipaka za inchi rangi nyekundu na kila moja imechorewa kivuli chake ubaoni, ukifunga mlango unaona palipo wazi. Tok renchi, spana ya kukazia nati kwa kipimo, inakaa kwangu kabatini. Ni ya kukazia peke yake, atakayeilegezea nati iliyoshika kutu ameiharibia kipimo, na baada ya kazi inarudishwa kwenye namba ya chini ili springi yake ipumzike. Vifaa vikubwa tunavinunua kwa upatu, na hatujawahi kugombana.

Umeme ni LUKU, wa kununua yuniti kabla ya kutumia, na mashine ya kuchomelea inakula yuniti kweli kweli. Kwa hiyo anayechomelea anasoma mita kabla na baada, anaandika daftarini, ananunua alizotumia. Oili chafu tunaiweka kwenye pipa lenye mfuniko na wapo wanaokuja kuinunua. Mtaroni haimwagwi, maana mitaro ya mji huu inateremkia baharini kunakotoka kitoweo chetu.

Bahari yenyewe ndiyo inayotupa kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kuna pikapu mbili zinazobeba samaki kutoka Deep Sea, wanakoshushia wavuvi: barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapita kwenye mbao za bodi na kushukia kwenye chasisi, kila siku ya Mungu. Hata gari lisilobeba samaki linapata upepo wa bahari usiku kucha. Wenye Land Rover huniambia, “Hii ni aluminiamu, haishiki kutu.” Ni kweli kwa sehemu. Gari lile lilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na aluminiamu ilipatikana, ndiyo ikatumika kwenye bodi. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma, chumvi ikiwa kati yao, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kwenye maungio, ukiugusa unapukutika kama chokaa.

Chasisi yake ni boksi, na inaoza kutoka ndani, kwa matope yaliyonasa humo. Nje utaona rangi nzuri tu. Chukua nyundo ndogo, ingia shimoni, gonga polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Ukifika pameoza, sauti inazimika kama umegonga debe la mchanga. Mwalimu alipogonga ya kwake kwa mara ya kwanza, alisimama karibu na kitako cha springi ya nyuma, akagonga tena, akanitazama. Hakuhitaji kuniuliza. Tulikata kipande cha kiganja kimoja na nusu tukakuta udongo mwekundu, wa Lushoto nadhani, maana ndiko gari lilikokuwa zamani. Baada ya kuunga bati jipya tulizibua matundu yote ya kutolea maji chini ya chasisi kwa waya, tukasafisha kwa maji matamu, tukaacha siku mbili likauke kabisa, ndipo tukapuliza oili nzito ndani. Ukipuliza kabla halijakauka, umeifunika chumvi humo humo iendelee na kazi yake.

Mafundi wenzangu wamenilaumu kwamba nawafundisha wateja wasije kwetu. Sijaona hivyo. Mtu aliyewahi kufungua breki zake mwenyewe anapokuja kwa fundi anajua anaomba nini, habishani bei ya saa nne za kazi kwa sababu yeye ilimchukua kumi. Kukereza ngoma za breki, kupima hedi, kurekebisha pampu ya dizeli, vyote hivyo bado tunawapelekea wenye mashine. Kilichopungua ni yule mteja anayeacha gari chini ya mwarobaini miezi minane, harudi wala hapokei simu.

Leo Alhamisi nafunga mapema kidogo. Gasketi ya 504 imepakiwa basi la asubuhi kutoka Dar, dada hatoki kazini kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo naenda Kange kumpokelea mimi. Kesho ni zamu yake ya zege.