Macho Mazima, Kitu Hakitambuliki: Maswali Kuhusu Pande Mbili za Ubongo

Je, jicho la kushoto hupeleka picha upande mmoja wa ubongo na la kulia upande mwingine?

Hapana. Kinachogawanywa ni eneo unalolitazama. Ukikaza macho mbele, vitu vilivyo kushoto kwako huonwa na macho yote mawili, ila taarifa zake huishia kisogoni, nusu ya kulia ya ubongo. Vya kulia huishia kushoto. Kisha nusu hizo hupashana habari kupitia mkanda mnene wa nyuzi za neva, korpasi kalosamu.

Mkanda huo ukikatwa?

Wapo wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa ili degedege isisambae. Roger Sperry na Michael Gazzaniga, watafiti wa ubongo wa Marekani, waliwapima. Picha ya kitu ikimulikwa upande wa kushoto kufumba na kufumbua, mgonjwa husema hakuona chochote. Akiambiwa apapase vitu asivyoviona kwa mkono wa kushoto, anakichagua kilekile! Nusu ya kulia ilikitambua; haikuweza kukitaja tu, maana kwa watu wengi usemi uko kushoto. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Basi kutambua vitu ni kazi ya upande wa kulia?

Ni ya pande zote. Elizabeth Warrington, mtafiti wa ubongo wa London, aliona kwamba walioumia ubongo upande wa kulia hukwama kitu kikipigwa picha kwa pembe isiyo ya kawaida, mfano ndoo iliyoangaliwa kutoka juu. Walioumia kushoto huweza kuliona umbo vizuri, lakini wasijue kitu hicho ni cha kazi gani. Sura za watu huelemea kulia, maandishi kushoto. Zile habari za “mimi natumia ubongo wa kulia” ni porojo.

Baba alipata kiharusi. Anazitazama funguo, hajui ni nini. Anunuliwe miwani?

Apimwe macho kwanza. Yakiwa mazima, zitikiseni funguo zilie, au mpeni azishike. Akizitaja papo hapo, kumbukumbu ipo; huenda ni agnosia, yaani macho yanaona lakini ubongo unashindwa kukitambua kinachoonwa, na daktari aelezwe jaribio hilo. Nyumbani, vitu vyake visihamishwe ovyo, na anayeingia ajitaje: “Shikamoo baba, ni mimi Asha.” Hali hii ikimwanza mtu ghafla, awahishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi popote.